Uchumi wa India na Biashara ya Kikoloni: Takwimu, Nyaraka na Maneno

Utangulizi

Neno ubepari limezoeleka mno katika maandishi ya Kiswahili ya siasa, uchumi na uhakiki wa fasihi, hata ni nadra msomaji kukumbuka kuwa mzizi wake umetoka Gujarat, magharibi ya India. Huko bepari alikuwa mfanyabiashara tu, mtu wa duka, mizani na daftari. Karne ya 20 ndiyo iliyomgeuza kuwa mmiliki wa mtaji anayeishi kwa jasho la wengine, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 maana hii mpya ikaifunika ile ya kwanza karibu kabisa. Maneno pesa, rupia, laki, hundi na bima nayo yalivuka bahari ileile. Mwanaleksikografia huyaingiza katika kamusi, huonyesha asili yake kwa kifupisho cha herufi mbili tatu, kisha huendelea na kidahizo kinachofuata. Mwanahistoria wa uchumi kwa upande wake hufungua majedwali ya forodha na kuhesabu marobota ya nguo. Wawili hawa huketi katika maktaba moja bila kusomana.

Mhadhara huu unajadili namna ya kutafiti uchumi wa India na historia ya biashara yake chini ya ukoloni kwa kutumia maktaba na hifadhi za nyaraka. Hoja inayotetewa ni kwamba sehemu kubwa ya rekodi hizo iliandikwa na serikali iliyohitaji kujua mambo fulani ili itoze kodi, ilipe madeni au ijitetee mbele ya Bunge. Kwa hiyo jedwali la takwimu haliwezi kusomwa vyema kabla ya kujulikana lilitungwa kwa haja gani. Aidha, yako mambo ambayo rekodi hizo hazikuyaona kabisa, na biashara iliyoiunganisha India na Pwani ya Waswahili ni mojawapo. Hapo ndipo mtaalamu wa Kiswahili anapokuwa na la kuchangia, wala si kwa hisani ya wanahistoria.

Rekodi zilizoachwa na Kampuni na serikali

Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ilipewa hati yake ya kifalme tarehe 31 Desemba 1600. Wenye hisa walikaa London, na wafanyakazi wao walikuwa mbali nao kwa safari ya miezi mingi ya jahazi kubwa za kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Umbali huo ndio uliozaa wingi wa maandishi: kila mnunuzi wa kitambaa au pilipili manga alilazimika kuwaeleza mabwana zake kwa barua alichonunua, kwa bei gani na kwa nini. Kumbukumbu za vikao vya wakurugenzi, barua zilizokwenda na kurudi, na madaftari ya vituo vya biashara vyote vilihifadhiwa.

Yafaa mwanafunzi ajihadhari na neno la Kiingereza factory linaloonekana katika orodha za nyaraka hizi. Halina maana ya kiwanda. Lilikuwa jina la kituo chenye ghala na makazi ya mawakala, kama kile cha Surat, na anayelitafsiri kwa mazoea ya leo atajikuta akivumbua viwanda vya Kiingereza nchini India karne mbili kabla ya wakati wake.

Mwaka 1858 Taji la Uingereza lilichukua utawala kutoka kwa Kampuni, na shughuli zote zikawekwa chini ya ofisi maalumu ya India mjini London. Nyaraka za ofisi hiyo zilikabidhiwa kwa Maktaba ya Uingereza mwaka 1982. Zinajaza rafu za urefu wa kilometa zipatazo 14, nazo zimepangwa kwa herufi: G ni rekodi za vituo vya biashara, P ni mwenendo wa vikao vya serikali za India, L ni idara za ofisi ya London, na V ni machapisho rasmi. Kwa mtafiti wa uchumi, herufi P na V ndizo zenye utajiri mkubwa zaidi, ingawa wengi huanza na L kwa kuwa faharasa zake ni rahisi kusomeka. Katika V hupatikana ripoti za mwaka za majimbo, sensa, ripoti za magereza, za misitu, za kasumba na chumvi, pamoja na majedwali ya biashara ya baharini.

India yenyewe ina hazina zake. Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa Kolkata mwaka 1891 na baadaye kuhamishiwa New Delhi, ina nyaraka za serikali kuu. Kwa mtafiti anayetoka Afrika Mashariki, hata hivyo, Mumbai ina uzito wa pekee. Atkins Hamerton, ofisa wa jeshi la Bombay, alipofika Zanzibar mwaka 1841 alikuwa balozi mdogo wa Uingereza na wakati huohuo wakala wa Kampuni. Barua zake zilikwenda Bombay. Ripoti ya mrithi wake, Rigby, kuhusu milki ya Zanzibar ilichapishwa Bombay mwaka 1861 katika mfululizo wa machapisho ya serikali ya jimbo hilo. Kwa sababu hiyo, sehemu ya historia ya Unguja na Mombasa ya katikati ya karne ya 19 imelala katika hifadhi ya nyaraka ya jimbo la Maharashtra. Mara nyingi imewekwa chini ya jina la Muscat, maana mtawala wa Zanzibar alijulikana kwa maofisa hao kama Imamu wa Muscat.

Jambo hili la majina si dogo. Katalogi za zamani huandika Cutch, za sasa Kutch au Kachchh; Bombay na Mumbai ni mji mmoja; jina la Shivji huonekana pia kama Sewji. Mtafiti anayetumia tahajia moja tu hupata sehemu ya nyaraka na kudhani amepata zote. Skani za kompyuta zimerahisisha mengi: rekodi zinazohusu Ghuba zimekuwa zikisomwa bila malipo kupitia maktaba ya kidijiti ya Qatar tangu mwaka 2014. Lakini mashine hutafuta kile ilichoandikiwa, na mkono wa karani wa mwaka 1845 huishinda mara kwa mara. Itakumbukwa pia kwamba Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na katalogi yake ikakosekana kwa miezi kadhaa. Katika miezi hiyo faharasa za karatasi, ambazo vijana wengi hawakuwahi kuzigusa, zilirudi kuwa na thamani.

Kusoma majedwali

Ugumu wa kwanza ni wa alama tu. Katika majedwali ya India 10,00,000 si kosa la mpiga chapa. Ni laki kumi, yaani milioni moja, kwa kuwa baada ya elfu mkato huwekwa kila tarakimu mbili. Laki mia moja hufanya krori moja. Msomaji wa Kiswahili ana nafuu hapa, kwani laki ni neno lake la kila siku. Rupia moja ilikuwa na ana 16, na kila ana pesa 4. Hivyo rupia ilikuwa na pesa 64.

Ugumu wa pili ni wa kalenda. Mwaka wa fedha wa India ulikuwa ukianza tarehe 1 Mei, kisha ukabadilishwa kuanza tarehe 1 Aprili, na kwa ajili ya mabadiliko hayo mwaka 1866-67 ulikuwa na miezi 11 tu. Anayelinganisha mwaka huo na uliotangulia bila kulijua hilo ataona anguko la biashara ambalo sehemu yake ni ya kalenda. Mipaka nayo ilibadilika: Burma ilihesabiwa ndani ya India hadi ilipotengwa mwaka 1937. Aidha, rupia ilikuwa sarafu ya fedha, na thamani yake ikashuka kutoka takribani shilingi mbili za Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1870 hadi kukazwa kwenye shilingi moja na peni nne mwishoni mwa karne. Mfululizo uleule wa mauzo huweza kupanda kwa rupia na kusimama kwa pauni.

Ugumu wa tatu ndio uliozua mabishano makubwa zaidi. Mtu akitazama biashara ya nje ya India katika nusu ya pili ya karne ya 19 ataona kuwa, kwa kawaida, nchi hiyo iliuza nje bidhaa nyingi kuliko ilizonunua: pamba, juti, mchele, ngano, chai, kasumba. Kwa kipimo cha kawaida nchi ya namna hiyo inatajirika. Ziada hiyo ilikwenda wapi? Jibu halimo katika majedwali ya biashara. Limo katika rafu nyingine, kwenye hesabu za fedha za ofisi ya London.

Mfanyabiashara wa Uingereza aliyetaka kulipia pamba ya India angeweza kununua hundi mjini London kutoka kwa Waziri wa Mambo ya India. Alilipa kwa pauni. Hundi hiyo ilipofikishwa Calcutta au Bombay ililipwa kwa rupia kutoka hazina ya serikali, yaani kutokana na kodi za Wahindi wenyewe. Pauni zilizobaki London zilitumika kulipa riba za madeni, pensheni za maofisa waliostaafu, gharama za jeshi, na faida ya asilimia 5 waliyodhaminiwa wenye hisa wa makampuni ya reli. Kwa maneno mengine, mkulima aliyeuza pamba alilipwa kwa fedha ambayo yeye na jirani zake waliitoa kama kodi. Bidhaa ziliondoka, na sehemu kubwa ya malipo haikuwahi kuingia.

Aliyelifanya suala hili kuwa la umma ni Dadabhai Naoroji. Mtu huyu alikuwa mwalimu wa hisabati mjini Bombay, kisha profesa wa Kigujarati katika Chuo Kikuu cha London tangu mwaka 1856, na hatimaye mbunge wa Uingereza mwaka 1892. Mwaka 1876 aliwasilisha makala kuhusu umaskini wa India ambamo alikadiria pato la mtu mmoja kuwa rupia 20 kwa mwaka, akihesabu miaka ya mwisho ya 1860. Hakuwa na takwimu za siri. Alikusanya ripoti za utawala za majimbo, akajumlisha mavuno kwa bei za sokoni, kisha akafungua ripoti za magereza na kuonyesha kuwa chakula na mavazi ya mfungwa viligharimu zaidi ya alichopata raia wa kawaida. Ripoti zote mbili zilikuwa za serikali, zilichapwa na serikali, na zilikuwa katika maktaba. Hakuna ofisa aliyekuwa na sababu ya kuzisoma pamoja.

Serikali ilijibu kwa makadirio yake: rupia 27 mwaka 1882, na rupia 30 alizozitaja Lord Curzon mwaka 1901. William Digby akapinga mwaka uleule kwa kutoa hesabu ya chini hata kuliko ya Naoroji. Ubishi huu haukuwa wa kitaaluma tu. Kati ya mwaka 1876 na 1878, na tena kuelekea mwisho wa karne, njaa iliua mamilioni ya watu, na swali la kama kodi ya ardhi ilikuwa imewaacha na akiba yoyote lilikuwa swali la uhai. Romesh Chunder Dutt alilishughulikia katika historia yake ya uchumi ya juzuu mbili za mwaka 1902 na 1904, akitegemea sana karatasi za Bunge la Uingereza. Usomaji wake una upungufu wake, hasa kuhusu kodi ya zamani kabla ya Waingereza, lakini hakuna kitabu kinachomfundisha mwanafunzi kwa haraka zaidi jinsi karatasi hizo zinavyotumika.

Mfano mwingine ni wa wafumaji. Mwaka 1976 Amiya Kumar Bagchi alilinganisha uchunguzi wa Buchanan-Hamilton, uliofanywa Bihar mwanzoni mwa karne ya 19, na sensa ya mwaka 1901, akahitimisha kuwa sehemu ya watu waliotegemea ufundi na viwanda ilishuka chini ya nusu ya ilivyokuwa. Marika Vicziany alimjibu mwaka 1979 kwamba vyanzo hivyo viwili havikuhesabu watu kwa namna moja. Daniel Thorner alikwisha kuonya mapema kuhusu sensa zenyewe, kwa kuwa tofauti kati ya anayetengeneza kitu na anayekiuza haikuwa wazi katika vichwa vya safu. Mabishano haya yangali yanafaa kusomwa, kwa kuwa kiini chake ni cha kiisimu: mtu anayesokota uzi nyumbani msimu wa kiangazi na kulima wakati wa mvua aitwe nani?

Biashara isiyoandikwa: Kutch na Zanzibar

Wafanyabiashara wengi waliohodhi biashara ya Zanzibar katika karne ya 19, Wabhatia, Makhoja, Mabohora na Wamemon, walitoka Kutch na Kathiawar. Kutch haikuwa sehemu ya India ya Waingereza moja kwa moja. Ilikuwa na mtawala wake, forodha yake na sarafu yake iliyoitwa kori. Majedwali makubwa ya biashara ya nje yalihesabu shehena zilizopita katika forodha za bandari za serikali ya Kiingereza. Jahazi lililopakia nguo Mandvi likashuka na kaskazi hadi Unguja, kisha likarudi na kusi likiwa na pembe za ndovu, halikuwa na nafasi katika majedwali hayo isipokuwa lilipopitia Bombay.

Upande wa pili wa bahari hali ilifanana. Sultani wa Zanzibar hakuendesha forodha kwa watumishi wake. Aliikodisha. Kwa miongo mingi mkodi alikuwa kampuni ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch. Ladha Damji aliisimamia kwa niaba ya kampuni hiyo, na katika miaka ya 1870 forodha ikapita mikononi mwa Tharia Topan, Khoja. Mkodi alimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, naye akabaki na ushuru uliokusanywa, ambao kwa mikataba ya mwaka 1833 na Marekani na 1839 na Uingereza ulikuwa asilimia 5 ya bidhaa zilizoingia. Sultani hakuhitaji kujua idadi ya marobota, ilimradi kodi yake ilipwe. Hesabu kamili ilikuwa mali ya mkodi, na hakuwa na sababu ya kuitangaza: anayejua faida ya forodha ndiye anayejua kiasi cha kuomba mkataba unapofanywa upya. Balozi wa Kizungu aliyeripoti thamani ya biashara ya Zanzibar alitegemea kwa kiasi kikubwa aliyoambiwa na wafanyabiashara hao hao.

Basi biashara hii iliandikwa mara mbili, Mandvi na Unguja, na kwa uangalifu mkubwa. Lakini iliandikwa katika madaftari ya nyumba za biashara, kwa mwandiko wa Kigujarati, na kuhifadhiwa na familia. Maktaba za serikali zilipata mwangwi wake tu. Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watumwa, karafuu na pembe za ndovu, aliweza kujenga upya sehemu ya picha hiyo kwa kuunganisha nyaraka za Bombay, za ubalozi na za wafanyabiashara Wamarekani wa Salem.

Hata idadi ya Wahindi waliokaa pwani iliandikwa kwa sababu maalumu. Rigby alipowalazimisha Wahindi waachie watumwa wao mwaka 1860, ilibidi kwanza ijulikane nani ni raia wa Uingereza na nani anaweza kudai kuwa chini ya Sultani. Mwaka 1869 mtawala wa Kutch alitoa tangazo la kuwaweka raia wake walioko Zanzibar chini ya ulinzi wa Uingereza. Orodha za majina zinazosomwa leo kama sensa zilikuwa vyombo vya mahakama, na aliyekuwa na sababu ya kutoonekana ndani yake aliweza kujitahidi asionekane.

Maneno kama nyaraka

Pale ambapo madaftari hayapatikani, msamiati uliobaki vinywani mwa watu una ushahidi wake. Hundi haikuwa karatasi ya malipo tu. Ilikuwako aina iliyoitwa jokhmi, ambayo ililipwa pale tu shehena ilipofika salama. Chombo kikizama, deni nalo lilizama. Katika karatasi moja mkopo na bima vilikuwa kitu kimoja. Kwamba Kiswahili kilichukua hundi na bima kutoka upande wa India, na si kutoka Kiingereza, kunaonyesha kuwa watu wa pwani walizifahamu shughuli hizi kabla benki na makampuni ya bima ya Ulaya hayajawafikia.

Lakini maneno nayo hudanganya. Marekani ni jina la kitambaa kigumu kisichopaushwa, lililotokana na nguo za Salem na Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilikata ugavi huo, na baadaye viwanda vya Bombay, ambako kinu cha kwanza kilianza kazi mwaka 1856, vikapata soko Afrika Mashariki. Jina halikubadilika. Mtafiti anayekuta marekani katika masimulizi ya msafara wa miaka ya 1880 hana haki ya kudhani kuwa kitambaa hicho kilitoka ng'ambo ya Atlantiki. Itambidi arudi kwenye majedwali ya Bombay, ambayo kwa bahati nzuri yanataja nguo za viwandani zilizopelekwa pwani ya Afrika.

Kazi inayongoja, kwa hiyo, ni ya kusoma rafu mbili kwa pamoja. Kamusi za zamani, kuanzia kitabu cha mwongozo cha Steere cha mwaka 1870, ile ya Krapf iliyotoka mwaka 1882 baada ya kifo chake, ya Madan ya 1903 hadi ile ya Johnson ya 1939, zina tarehe zinazojulikana. Zikiwekwa kando ya majedwali ya miaka hiyo hiyo, huwezekana kufuatilia ni lini jina la sarafu, kipimo au kitambaa linaonekana katika maandishi, na ni lini bepari anaacha kuwa mwenye duka. Kigujarati kitahitajika, angalau kwa kiwango cha kusoma madaftari. Naoroji alikifundisha London miaka 20 kabla ya kuandika takwimu zake, na katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, ambako Kiarabu kimepewa nafasi yake stahiki katika mafunzo ya Kiswahili, lugha hiyo ya upande wa pili wa bahari bado haijapewa yake.